Kriminolojia Sio Kozi ya Kuwa Karao: Isome Pembeni ya Kozi Yako Uone

Kila mara KUCCPS ikifungua mtandao wa kuchagua kozi, kuna swali moja huniandama mpaka nachoka: "Buda, nikisomea kriminolojia si naingia DCI moja kwa moja?"

Wacha nikujibu hapa mbele ya watu ndio nisirudie tena. Zii. Kuingia polisi kama konstabo hapa Kenya kunataka KCSE ya D+, kitambulisho, umri wa kati ya miaka 18 na 28, na mapafu ya kuzunguka uwanja bila kuzirai. Hakuna mtu siku ya kuandikwa atakuuliza nadharia za uhalifu. Na hao wapelelezi wa DCI unaoona wakitembea na suti, wengi wao walianza hapo hapo, wakapitia Kiganjo ama Embakasi kama wengine.

Hata ukishaingia, digrii yenyewe imekuwa na drama zake. Makonstabo wenye digrii walikuwa wakilipwa mshahara wa inspekta. 2018 hio ganji ikakatwa, wakaishia kortini kuipigania. Kwa hivyo kama mpango wako ni kukaa campo miaka minne, deni la HELB likipanda, ndio mwisho wa siku uvae ile sare ya bluu, jua beste yako wa mtaa mwenye D+ ameshavaa, na amekuacha na mishahara ya miaka minne.

Lakini usifunge ukurasa bado, juu hapa ndio stori inaanza kuwa tamu.

Kuna tofauti ndogo watu huichorea. Kriminolojia inauliza kwa nini watu wanafanya uhalifu. Somo la haki ya jinai linauliza kitu kingine kabisa: ukishashikwa, nani anakufanyia nini, kwa sheria gani, na nani anamwangalia huyo anayekufanyia? Karao, mwendesha mashtaka, hakimu, afisa wa probation, askari jela. Hao wote ni mashine moja, na wewe kijana wa Nairobi uko karibu na hio mashine kuliko unavyodhani. Ulizia mtu yeyote aliyekuwa tao Juni 2024.

Sasa, hii kitu unaweza kuisoma bila kuifanya maisha yako yote. Kwenye campo zinazofuata mfumo wa Kimarekani, kama USIU-Africa pale Kasarani, unachukua kozi yako kubwa, hio inaitwa meja, halafu unaongeza fungu dogo la masomo kutoka idara nyingine. Hilo fungu dogo ndio maina. (Hapana, si yule wa redio asubuhi.) Huko Marekani kwenyewe maina ya haki ya jinai mara nyingi ni masomo matano ama sita hivi. USIU wana digrii nzima ya haki ya jinai, na Egerton na Masinde Muliro wanafundisha kriminolojia. Campo nyingi za gava hazitumii hilo jina la maina, lakini masomo ya kujichagulia huwa yapo ukiuliza vizuri kwa ofisi ya idara, na usiulize wiki ya mwisho ya kujisajili.

Msimamo wangu uko hivi, na unaweza kunitukana baadaye: haki ya jinai ni chumvi, si ugali. Ukiila peke yake utasota. Ukiitia kwa kitu kingine unachojua, IT, habari, uhasibu, kemia, ustawi wa jamii, unakuwa mtu ambaye mfumo wetu hauna wa kutosha. Na kukosekana kwa huyo mtu kumeua watu na kufunga watu. Sitaki uniamini tu, hebu tuangalie kesi.

Chukua ya Willie Kimani. 2015, jamaa wa boda anaitwa Josephat Mwenda alipigwa risasi na afisa wa AP. Akaenda IPOA kushtaki. Badala ya kuombwa msamaha, akaanza kubandikwa kesi za ajabu ajabu. Wakili wake akawa Willie Kimani, wa shirika la International Justice Mission. Juni 23, 2016 wakatoka korti ya Mavoko wakiwa watatu ndani ya gari: wakili, mteja, na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Siku kadhaa baadaye miili yao ilitolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk.

Uliza sasa, hio kesi ilifunguliwa na nini? Si mbio za magari kama kwa sinema. Kulikuwa na kikaratasi. Mmoja wao akiwa amefungiwa kwa seli ya kambi ya AP ya Syokimau aliandika ujumbe kwa tishu ya choo, akaurusha nje, mtu akaokota na kupigia familia. Kulikuwa na rekodi za simu: nani alipigia nani, saa ngapi, na simu ilikuwa imeshika mlingoti gani. Na kulikuwa na ungamo la mmoja wa washtakiwa, Peter Ngugi, ambalo mawakili walivutana kortini kama linafaa kukubaliwa ama litupwe. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit akawapata wanne na hatia, wa tano akaachiliwa. Februari 2023 Fredrick Leliman, yule afisa, akapewa hukumu ya kifo, na wenzake wakapewa miaka 30, 24 na 20.

Miaka sita na nusu toka wauawe. Lakini angalia kilichoshikilia hio kesi isianguke njiani.

Anza na zile rekodi za simu. Wewe msee wa IT unajua kutoa data, sawa, lakini unajua korti inaitakaje? Kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki ije na cheti kinachoeleza ilitolewaje, kwa mashine gani, na kisainiwe na mtu anayehusika na hio mashine. Bila hicho cheti, ushahidi wako uko hatarini, hata uwe mkali aje. Wakili wa upande ule mwingine atasimama, atauliza swali moja tu, "cheti kiko wapi?", na wewe na laptopu yako ya ngiri mia moja mtabaki mnaangaliana.

Ungamo nalo. Hapa Kenya karao hawezi tu kukutandika seli mpaka useme "ni mimi" halafu aende nayo kortini. Kifungu 25A cha Sheria hio hio kinasema ungamo litolewe mbele ya jaji ama hakimu, ama mbele ya afisa mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi yako, na pawe na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Hebu jiulize ni wangapi kwa maskani yako wanajua hio ya mtu wa tatu. Nimewahi kuuliza watu kumi. Mmoja alijua, na alijua juu alishawahi kufungwa.

Halafu kuja karibu, 2025. Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alishikwa kwao Homa Bay juu ya chapisho la mtandaoni kuhusu naibu wa Inspekta Jenerali, akaletwa mpaka Central hapa Nairobi, na kabla jua la Juni 8 halijatoka vizuri alikuwa amekufa. Polisi wakasema alijigonga kichwa kwa ukuta. Stori ingeishia hapo, kama nyingi zimeishia hapo. Lakini madaktari wa upasuaji wa maiti walipomaliza kazi yao walisema majeraha ya kichwa, kukabwa shingo, na majeraha mengine mwilini haviendani na mtu aliyejigonga mwenyewe. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali Douglas Kanja alikuwa mbele ya Seneti akirudisha ile kauli ya kwanza. IPOA nao wakasema kamera za CCTV za kituo zilichezewa. Maafisa wa polisi na watu wengine wakashtakiwa kwa mauaji.

Ukiangalia vizuri hapo, kilichobadilisha stori si kelele zetu X peke yake, na mimi nilipiga kelele kama wewe. Ni daktari anayejua kusoma mwili na anajua pia ripoti yake itaenda kusomwa na jaji. Na ni mtu anayejua mashine ya kamera inaficha nini ikifutwa. Taaluma mbili kwa kichwa kimoja. Hio ndio maina ninayoongelea, hata kama hao watu hawakuisoma kwa jina hilo.

Shakahola nayo sitakaa sana, juu ni nzito. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa huko Kilifi kuanzia Aprili 2023. Familia za kwanza kukabidhiwa watu wao zilikabidhiwa Machi 2024. Karibu mwaka mzima wa kungoja DNA. Ukiwa unasoma kemia ama biolojia na umekaa ukidhani kazi ni kufundisha tu, ama kuuza dawa, fikiria tena.

Nimeanza na vifo juu ndivyo huingia kwa habari. Lakini kazi kubwa ya hii mashine ni ndogo ndogo, ni ya kila siku, na hapo ndipo inasaga watu wa rika letu.

Nilitoka campo mwaka wa pili, fizi ilinishinda, kwa hivyo mambo ya haki ya jinai sikuyasoma darasani. Niliyasoma kwa benchi ya korti. Kuna asubuhi moja nilikaa korti fulani ya hapa Nairobi nikiangalia watu wakisomewa mashtaka. Kijana wa kama miaka 20, amevaa slipa mguu mmoja, mwingine sijui ulipotelea wapi. Karani anasoma shtaka kwa spidi ya makanga wa Rongai. "Ni ukweli ama si ukweli?" Kijana anaangalia kando, anaangalia hakimu, anasema, "Ni ukweli." Aliye kando yangu, mwenye amezoea, akaninong'oneza: hajui ameshtakiwa nini, ameambiwa na wenzake kwa seli akisema ni ukweli ataenda home leo.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kesi. Kijana akaulizwa kama ni hivyo ilitendeka. Akasema, "Hio ya kisu si mimi." Na hapo, mimi nikidhani ameshajimaliza, hakimu akasimamisha kila kitu, akaandika kwamba amekana.

Sikujua kwa nini mpaka nilienda kuitafuta. Kuna kesi ya zamani, Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973, ambayo ndio inaongoza hapa. Shtaka lisomwe kwa lugha unayoelewa. Ukikubali, maelezo yasomwe. Ukipinga hata kitu kimoja cha maana kwa hayo maelezo, lile jibu lako la "ni ukweli" linabadilishwa kuwa umekana, na kesi inasikizwa. Yaani sentensi moja ya kijana mwenye slipa moja ilimrudishia kesi yake. Na hakuna mtu pale nje alimwambia hio sentensi ina nguvu. Aliisema tu juu ilikuwa kweli.

Sasa weka mtu hapo katikati. Si lazima awe wakili, mawakili ni ganji. Weka msee wa ustawi wa jamii ambaye amesoma hii kitu pembeni. Weka mkalimani, juu Katiba Kifungu 50 inakupa haki ya mkalimani bila kulipa kama huelewi lugha ya korti, na hapo ndani kuna watu wa lugha ya ishara, kuna Wasomali, kuna Waturkana, na mara nyingi anayetafsiri ni yeyote aliyepatikana kwa korido. Weka afisa wa probation. Hao watu wa probation wanachukuliwa poa sana. Kabla hakimu aamue kama unapata dhamana, anaweza kuitisha ripoti kutoka kwao: unaishi wapi, mathe yako anasema nini, chifu anakujua aje. Ripoti nzuri, unalala kejani. Ripoti iliyoandikwa na mtu mvivu, unalala rumande miezi. Na tangu Sheria ya Kazi za Jamii ya 1998, ni wao husimamia wale wanaofagia barabara badala ya kujaza jela. Ukipenda watu kuliko bunduki, nenda huko.

Kuna ripoti ya ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai iliyofanywa chini ya NCAJ, ya 2016, na ilichosema si siri: mfumo umeegemea dhidi ya maskini. Wanaoshikwa kwa wingi ni watu wa makosa madogo madogo. Unajua kosa la "kuzurura", lile la Kifungu 182 cha Kanuni ya Adhabu? Mara ya kwanza adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100, ama mwezi mmoja ndani. Soo moja! Karao anakuitisha elfu mbili kwa kona ya River Road juu ya kosa la soo moja, na unatoa, juu hujui bei. Halafu Katiba, Kifungu 49(2), inasema usiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu ama kifungo kisichozidi miezi sita. Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2020 ilienda mbali zaidi, ikasema sheria za uzururaji za aina hii zinagongana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Lakini ukienda na hii kwa lori la makarao Ijumaa usiku, enyewe usianze kutoa lekcha. Jua tu, nyamaza, mpigie mtu.

Na kwa nini ni Ijumaa? Kamatakamata Friday sio bahati mbaya. Kifungu 49 kinasema uletwe kortini ndani ya saa 24. Lakini zikiisha wakati korti imefungwa, wanaruhusiwa mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti. Ukishikwa Ijumaa jioni, hesabu mwenyewe: wana mpaka Jumatatu. Siku tatu za kukunyoosha na za familia yako kuchanga. Kijana aliyesoma hii sheria wiki mbili tu anaona mchezo wote. Anajua pia kwamba OCS ana uwezo wa kukuachilia kwa bondi hapo hapo kituoni kabla ya korti, kwamba hio bondi ni bure, na kwamba ukilipa dhamana ya pesa lazima upewe risiti, na ganji yako inarudi kesi ikiisha kama ulikuwa ukifika kortini. Ukiambiwa dhamana haina risiti, hio si dhamana, hio ni chai.

Wanahabari na nyinyi mnaotengeneza video, hii inawahusu kuliko mnavyodhani. 2024, Mswada wa Fedha ulipoleta watu barabarani na zaidi ya watu 50 wakafa kwa hesabu ya tume ya haki za binadamu, KNCHR, tulikuwa tukiandika "ameachiliwa" kwa kila mtu. Lakini kuachiliwa kwa bondi ya polisi, kuachiliwa kwa dhamana ya korti, kesi kuondolewa na kuonekana huna hatia ni vitu vinne tofauti. Kesi ikiondolewa kwa njia fulani inaweza kurudishwa. Msee anasherehekea TikTok, baada ya miezi mitatu anapigiwa simu arudi kortini. Ukisoma uandishi na ukaongeza haki ya jinai pembeni, hutawahi kuandika hio stori vibaya tena. Na wahariri wako wachache sana wanaweza kuisahihisha.

Kingine ambacho hutakielewa bila kusoma ni nguvu ya yule anayechagua shtaka. Tangu Katiba ya 2010, Kifungu 157, mashtaka ya jinai yako mikononi mwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ODPP. Zamani karao mwenye alikushika, mwenzake ndio alikuwa anakushtaki kwa korti ndogo. Sahizi ni ofisi tofauti, na hio ilikuwa hatua ya maana. Lakini angalia 2025. Baada ya maandamano ya Juni 25, vijana kadhaa walipelekwa korti ya Kahawa na mashtaka ya ugaidi. Ugaidi, chini ya sheria ya 2012 iliyotungwa kwa ajili ya watu wa Al-Shabaab. Kitendo kile kile, mtu mmoja angeweza kukiita uharibifu wa mali, kosa la kawaida na dhamana ya kawaida. Kwa kubadilisha neno moja kwa karatasi, dhamana inakuwa ngumu, jina lako linachafuka, kazi unakosa hata ukija kushinda. Hio nguvu yote iko kwa mtu anayekaa ofisini, hajakushika, hajakuona. Mtu wa aina hio anatakiwa kuogopa kitu kimoja: watu wengi nje wanaojua kusoma hilo karatasi lake.

Tumegusa mambo ya kusoma, wacha nikuonye kuhusu wauzaji. Hapa tao kuna vyuo vya ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, vinauza cheti cha kriminolojia kwa miezi sita na kukuahidi "kazi ya upelelezi". Kabla utoe hata soo tano, ulizia kama chuo kimesajiliwa na TVETA, na kama ni digrii, kama kozi imeidhinishwa na CUE. Ukiambiwa "usajili uko njiani", wewe pia uko njiani, kwenda home. Na hata kikiwa cha halali, cheti hicho peke yake mara nyingi kitakupeleka getini kulinda mali ya mtu. Hakuna aibu kwa kazi ya getini, budangu ameifanya miaka, lakini usilipishwe laki moja kuifikia.

Kuna kitu kuhusu uhasibu nilitaka kuandika kirefu, juu EACC na wale wa kurudisha mali ya wizi wanahitaji watu wa kusoma vitabu vya pesa, lakini hio nitaipa siku yake. Watoto tu nigusie: Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Umesoma ualimu? Uko karibu na hao watoto kuliko karao yeyote. Ukijua hii, mtoto wa darasa la nne hatabebwa kwa landkruza mbele yako na ukanyamaza.

Kama fizi ndio imegoma kama ilivyonigomea, bado kuna njia. Sheria zote za Kenya na hukumu nyingi sana ziko kwa tovuti ya Kenya Law, bure, unahitaji bando tu. Kuna wafungwa pale Kamiti na Naivasha wamesomea sheria wakiwa ndani, kupitia masomo ya University of London, na wakawa wanawaandikia wenzao rufaa. Walianza na muda na karatasi.

Na korti ni za umma. Hakuna kiingilio. Kama unataka kujua kama hii kitu ni yako kabla ya kujaza fomu ya idara, nenda Milimani, Makadara ama Kibera, siku ya Jumatatu, juu hio ndio siku wale wa Ijumaa wanaletwa. Fika kabla ya saa tatu, benchi hujaa haraka. Zima simu kabisa, usiiweke mtetemo, hakimu akisikia ikilia utaenda kusimama pale mbele na wengine. Vaa kitu cha heshima, toa kofia. Kaa upande wa familia, beba daftari, na kila mtu akisimama kizimbani andika vitu viwili: alishikwa siku gani, na aliulizwa lugha gani anaelewa.